Mwite Bronia

Kabla ya mfumo kulikuwa na viatu vyangu,
soli za mpira, kwa sababu sakafu ilificha umeme
na umeme ule ulikuwa na hasira.
Detroit, majira ya baridi, hamsini na tano:
theluji dirishani, na ndani joto la vali elfu mbili
zikiwaka kama jiko lisilopika kitu.

Wahandisi walikuja kwa miadi,
robo saa kila mmoja, kadi zake kifuani
kama mtu aliyebeba mayai.
Merrill Ostrander aliziangusha siku moja ngazini,
kadi mia sita na kumi.
Akapiga magoti kuziokota, nami nikapiga magoti naye,
na mashine ikatungoja.
Ilikuwa ya kukodi. Saa moja ya kungoja kwake
ilizidi mshahara wangu wa mwezi.
Nilijua, maana mhasibu alikuja kutuambia,
akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

Hiyo ndiyo historia. Watasema hesabu, watasema akili;
mimi niliyekuwepo nasema: uchungu wa bili.

Wakaketi watatu, Merrill, Odell, na kijana wa Windsor
aliyevuka daraja kila asubuhi na mkate wa mayai mfukoni,
wakaandika programu isiyompigia mtu hesabu yoyote.
Haikujua gurudumu wala breki.
Kazi yake ni kukaa kwenye kona ya kumbukumbu
kama mgeni aliyekataa kuaga,
na kazi moja ikiisha, kusema: haya, anayefuata.

Haya, anayefuata.
Maneno hayo yalikuwa yangu.

Waliniomba niwaelezee mikono yangu.
Kanda ipi kwanza? Ukiona taa hii unafanyaje?
Nikajibu, Odell akaandika kwa penseli,
na kila nilichosema kilipungua kwangu
kama sukari iliyoazimwa na jirani.
"Na ikikwama kabisa?"
"Kabisa? Hapo mnaniita mimi."

Usiku wa kwanza tulipanga kazi kumi na moja katika kanda moja,
tukarudi nyuma. Hakuna aliyegusa kitu.
Nikatia mikono mifukoni, nikaitoa, nikairudisha.
Kazi ya saba ikaanza kujizunguka,
ikizunguka, ikizunguka, mbwa na mkia wake,
mpaka printa ikapiga mstari mmoja:
MWITE BRONIA.

Odell alicheka hadi machozi. Nikabonyeza kitufe.

Ule mstari walisema wataufuta.
Zama zile programu haikuuzwa; uliomba, ukapewa,
kanda ndani ya boksi la kofia, kwa posta,
nawe ukaongeza chumvi yako, ukampelekea mwingine.
Ikaenda Toledo, kwenye kiwanda cha vioo. Ikaenda Pittsburgh.
Mimi nikahamishiwa idara ya mishahara,
meza ya chuma, taipureta, viatu vya kawaida.
Mfumo endeshi, wakauita baadaye:
kitenzi changu, wamekivisha suti.

Sitini na moja, saa tisa usiku, simu.
Kazimierz alidhani mama yake amefariki.
Sauti ya kijana, kutoka Seattle, kiwanda cha ndege,
kwao bado saa sita;
mlinzi wa kiwanda chetu alimpa namba ya nyumbani.
"Samahani, mama. Mashine inasema nimwite Bronia.
Hapa hakuna Bronia. Tumeuliza hata jikoni."

Nilisimama pekupeku kwenye sakafu baridi.
Nikamuuliza taa ya kushoto ina rangi gani.
Nikamwambia: toa kanda ya pili, ipulize vumbi,
hesabu kumi, polepole, siyo hivyo, polepole, kisha bonyeza.
Nikaisikia ikianza, huko ng'ambo ya milima,
kadi zikishuka kama mvua juu ya bati.
"Imekubali," akasema. "Kwani wewe ni nani hasa?"

Kazimierz alikuwa ameketi kitandani, soksi moja mguuni.
"Haya," nikamwambia kijana, "anayefuata,"
nikakata simu.